Kwaya ya Mabubu

Ukimuuliza dada yangu jina la wimbo anaoupenda, hatakutajia jina, wala hatakutajia aliyeuimba. Atakuambia, "Ule ambao mabubu wanapanda ngazi." Au, "Ule wa mabubu wanaodonoa." Kuna na ule wa mabubu wanaokataa kuondoka, ambao mwimbaji ameshamaliza maneno yake, gitaa limenyamaza, lakini wao nyuma bado wanavuta sauti moja, nyembamba, kama mgeni aliyekwisha kuaga na bado amesimama mlangoni.

Mabubu wenyewe walianza hivi. Tulipokuwa wadogo, baba alikuwa na redio juu ya kabati, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Siku moja alikuwa anashona kiatu chake, redio inaimba. Mwanamume analia mapenzi, kisha nyuma yake zikaja sauti nyingi kwa pamoja, zikapanda taratibu kama moshi wa jiko siku isiyo na upepo. Dada akauliza, "Baba, hao wanaoimba nyuma ni akina nani?"

Baba alikuwa mtu wa masihara. Hakuinua hata macho kwenye kiatu. "Hao ni mabubu. Hawana maneno, ndiyo maana wamewekwa nyuma."

Tulicheka. Mimi nilisahau hata kabla chakula hakijaiva. Dada hakusahau. Kwetu mzee akisema amesema, na yeye alilichukua neno lile kama watoto wanavyochukua habari kwamba jua linalala. Akakua akijua kwamba nyuma ya kila mwimbaji mkubwa kuna wanawake wamekaa kwenye viti, midomo wameifunga, wanaimba kwa pua na kifua. Zile sauti fupifupi, tik, tik, tik, zinazopita katikati ya wimbo kama kuku anayedonoa punje, alijua wanazifanya kwa midomo, kama mtu anavyoita vifaranga. Aliwajua mmoja mmoja. Kuna mmoja mnene anayeimba chini kabisa, huyo ni mjane. Kuna wawili ni pacha. Na kuna mmoja mwembamba wa juu, ambaye dada alisema anajiona sana.

Hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu hakudhani kuna la kumwambia. Nani anaeleza watu kwamba maji yanalowesha?

Dada ni mpiga pasi. Aliajiriwa dobini akiwa msichana, na alipopata sauti kidogo pale, akaniingiza na mimi kwenye boila, ambako nipo mpaka leo. Kazi yangu inanifaa. Boila haikuulizi maswali. Unatazama saa ya presha, unasikiliza mabomba, na mtu akija kuongea, mvuke unakupa sababu ya kutosikia.

Jengo letu lilikuwa ghala zamani. Madirisha yako juu, mabomba yamefungwa matambara, sakafu haikauki. Tunafua mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni. Shuka likitoka kwenye rola kubwa la moto linawahiwa na wanawake wawili. Kila mmoja anashika pembe zake mbili, wanarudi nyuma mpaka shuka linyooke, wanalikung'uta mara moja, pah, kisha wanakujiana. Mmoja anapokea pembe za mwenziwe, mwenziwe anainama kuokota mkunjo, wanarudi nyuma tena. Kutwa nzima ni hivyo, kwenda na kurudi, kama watu wanaocheza ngoma isiyokuwa na ngoma.

Ni dada aliyeitia ngoma. Aliona shuka linavyovutwa, akasikia mabubu. Akaanza kuvuta sauti huku anarudi nyuma, mdomo umefungwa, na kuishusha anapokuja mbele. Wenzake walidhani anaumwa jino.

"Nini hicho?" aliuliza Mama Wanga. Huyu ndiye mkubwa wao, anayetia mashuka wanga yakakauka kama karatasi. Mgeni akija na kusikia anaitwa Mama Wanga hushtuka, naye huwahi kusema, "Wanga wa nguo, jamani, si wale wa usiku."

"Ni sauti ya nyuma," dada alimjibu. "Wewe chukua ya chini, una kifua."

"Una kifua! Sema nimenenepa, yaishe."

Lakini akaichukua. Kifupi, anayesimama juu ya kreti ili afikie rola, akapewa ya juu. Mwenzao wa nne, mwanamke mkimya ambaye kwa ukimya tunalingana, akapewa ya katikati, mahali ambapo mtu hasikiki peke yake lakini akitoka unajua ametoka. Kwa miaka mingi nimekaa upande wa pili wa ukuta nikiwasikia. Redio ilikuwa juu ya dirisha, na wimbo wenye sauti za nyuma ukipita, wanawake wale walikuwa wanazidaka na kuendelea nazo hata wimbo ukiisha, mpaka mwingine uje. Mimi si mtu wa kusifu, lakini kuna asubuhi nilisahau kutazama presha.

Dada ana mtoto mmoja, binti, mpwa wangu. Alilelewa humo dobini, mgongoni mwa mama yake, baadaye ndani ya kapu la foronya. Sasa ni msusi, na anaimba. Anaimba vizuri, si kwa sababu ni mpwa wangu. Alikuwa anamsuka mke wa kijana mmoja mwenye studio, na yule mke akaenda kumwambia mumewe kwamba kuna msusi anayewafanya wateja walale vitini kwa sauti. Kijana akamwita. Mpwa wangu akawa na wimbo tayari, alioutunga mwenyewe, kuhusu mtu aliyehama nyumba akaacha mlango wazi.

Siku ile dada alikuja kwenye boila na vikombe viwili vya chai. Hakuwa na kawaida hiyo.

"Mdogo wangu," alisema, "mimi nimeomba vitu vichache duniani. Nyumba sikuomba. Mume niliomba, nikapewa, nikajuta. Sasa naomba kimoja. Nataka mabubu wamsindikize mwanangu. Hata kidogo. Hata mwishoni tu."

Nilidhani anatania, au ndivyo anavyoziita fidla zinazolia nyuma ya nyimbo. Nikasema, "Watamsindikiza, dada."

Studio ilikuwa chumba nyuma ya duka la kutengeneza simu. Kuta zimebandikwa trei za mayai toka chini mpaka juu, na ngoma zimefunikwa shuka zisile vumbi. Prodyuza alikuwa kijana mwenye heshima, alimpa dada kiti chake akakaa kwenye kreti. Mpwa wangu aliimba. Prodyuza akaurudia wimbo tuusikie wote. Gitaa, ngoma, sauti. Katikati mpwa wangu ananyamaza kwa muda mrefu, gitaa linaendelea peke yake, kisha anarudi. Ulikuwa mzuri. Dada alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, halafu akatazama mlango.

"Mwanangu," alimwambia prodyuza, "wale mabubu wanakuja saa ngapi?"

"Mabubu gani, mama?"

"Wale wa nyuma. Wanawake. Au wana siku yao?"

Prodyuza alimtazama mpwa wangu, mpwa wangu akanitazama mimi. Dada, kwa kuona hatujamwelewa, akafunga mdomo akatuimbia kidogo, ule wa wanaopanda ngazi.

Kijana alicheka. Sisemi alicheka kwa ubaya. Kilimtoka tu, kama chafya. "Mama! Hizo ni fidla! Si watu, ni vyombo!"

"Mama, jamani," mpwa wangu alisema, na uso ulikuwa umemuiva. "Unanitia aibu."

Prodyuza aliona amekosea, akaomba radhi, akataka kurekebisha. Alifungua kwenye kompyuta picha za watu waliovaa nyeusi, wengi, kila mmoja ana kitu cha mbao begani na ufito mkononi, wanavuta na kurudisha. Sauti ikatoka, ileile. Dada alisogea karibu na kioo. Alitazama muda mrefu, nadhani alikuwa anamtafuta yule mnene.

"Hizi hapa kwetu hazipatikani, mama," prodyuza alieleza, "ila nitazitia kwa kinanda. Kinanda kina kila kitu."

Dada akasema ahsante, akainuka.

Tulikuwa tumekaribia nyumbani. "Kumbe mbao," alisema.

"Mbao, dada."

"Na yule mjane?"

Nilisema, "Naye mbao." Mpaka leo natamani ningenyamaza.

Watu watasema mambo makubwa yapo, huyu mama analilia fidla. Lakini nilikuwa naye, niliona. Alikuwa kama mtu aliyepata habari za msiba wa ndugu aliowajua tangu utoto, tena akaambiwa hakuna kaburi, kwa sababu hawakuwahi kuzaliwa. Na juu ya hayo, aibu ya binti. Kesho yake alikuja kazini, akashika pembe zake za shuka, akarudi nyuma kimya.

Wenzake walimsubiri aanze. Hakuanza. Wakajaribu wenyewe, ikawa kama gari linalosukumwa, kila mmoja na mlima wake. Wakaacha. Nikasikia rola na mabomba tu. Bila zile sauti hata kukunja kuliwashinda. Mmoja anakuja mbele, mwingine bado anarudi nyuma. Mashuka yakaanza kutoka mshazari. Kifupi na yule mkimya waligongana vipaji vya nyuso mpaka mmoja akatoka nundu.

Mama Wanga alinifuata kwenye boila. "Wewe, mtu wa moto. Dada yako amefiwa na nani?"

Nikamweleza. Nilidhani atacheka. Alikaa juu ya debe akafikiri.

"Kwa hiyo mimi miaka yote hii nimeimba sauti ya ubao?"

"Ndiyo."

"Mm. Basi huo ubao una kifua."

Siku kadhaa zikapita hivyo. Kisha mpwa wangu akaja dobini mchana, kabla ya wateja wake wa jioni. Hakuenda kwa mama yake, alikuja kwangu. "Mjomba, shikamoo. Sikiliza hiki." Akaniwekea simu sikioni. Ulikuwa wimbo wake, na pale katikati anaponyamaza, kinanda kimetia fidla.

Mama Wanga alikuwa amekuja kuchota maji ya moto. "Hao mbu wameingilia wapi?" aliuliza.

"Umesikia, mjomba?" mpwa wangu alisema. "Prodyuza anasema hakuna cha kuongeza. Nimekataa usitoke hivi." Akafuta uso, sijui ni mvuke au ni nini, akaingia kwa mama yake. Mlango haukufungwa, kwa hiyo nilisikia, na nyinyi mtasikia.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Kula kwanza, kuna chai."

"Sikujia chai. Mama, nakuomba unisaidie zile sauti."

"Sauti zipi? Mimi mpiga pasi."

"Usinifanyie hivyo."

"Nakufanyia nini? Umesema mwenyewe nakutia aibu. Nimejitoa, aibu imekwisha. Wachukue wenye mbao."

Rola lilizunguka. Hakuna aliyelisha shuka. Kifupi alishuka kwenye kreti yake taratibu, asikose neno.

"Mama," mpwa wangu alisema, "umesikia pale katikati ninaponyamaza?"

"Nimesikia. Nilidhani umesahau maneno."

"Sikusahau. Nilitunga wimbo nikaacha nafasi pale, na mimi mwenyewe sikujua naacha nafasi ya nini. Prodyuza aliniuliza hapa unasubiri nini, sikuwa na jibu. Juzi ndiyo nimejua. Mimi fidla sijawahi kuziona kwa macho, mama. Nilizozisikia tangu niko mgongoni kwako ni nyinyi. Nilikuwa nawasubiri nyinyi. Halafu ulipowauliza, nikaona haya mbele ya watu. Nisamehe."

Dada alichukua shuka lililokuwa linangoja, akalilisha kwenye rola, likatoka upande wa pili, na Mama Wanga akaliwahi. Walirudi nyuma. Walikung'uta. Ndipo dada akasema, kama anayesema na shuka, "Jumapili hatuna kazi."

Jumapili tukaenda. Wanawake walivaa nguo zao nzuri, na Kifupi alivaa viatu virefu akawa si Kifupi tena. Mimi nilikwenda kwa sababu dada alisema niende. Prodyuza alitusimamishia maikrofoni katikati, akawapa wote hedifoni, akawaonyesha mahali pa kuingilia.

Wimbo ukaanza, mpwa wangu akaimba ndani ya hedifoni, akanyamaza. Wanawake wanne walisimama wamejikaza kama wanaopigwa picha ya kitambulisho. Sauti ikatoka nyembamba, ikapinda, ikafa.

"Turudie, mama zangu. Msiogope."

Wakarudia, ikawa mbaya zaidi. Mama Wanga hakujua mikono aiweke wapi. Aliiweka kiunoni, akaificha nyuma, akaishika kama anayesubiri sadaka. "Mikono inanila," alilalamika. "Kusimama tu hivi, kama kituko?" Walijaribu tena na tena, na kila mara dada alikuwa anapungua, mpaka mwisho akavua hedifoni akaiweka mezani kwa adabu.

"Mwanangu," alimwambia prodyuza, "tumekupotezea Jumapili yako. Weka tu kile kinanda."

Mpwa wangu alikuwa ameegemea zile trei za mayai. Alimtazama mama yake tu. Na mimi nikajua kwamba wakitoka pale mlangoni, dobini hatutasikia sauti ile tena. Nikasema. Sijui nilisemaje. Nilisema, "Labda wapewe shuka."

Wote waligeuka. Nikatazama viatu vyangu.

"Shuka la nini, mjomba?" prodyuza aliuliza.

"Hawajawahi kuimba mikono mitupu."

Mama Wanga akapiga kofi moja kubwa. "Mtu wa moto! Kumbe una ulimi!" Na kabla kijana hajasema ndiyo wala hapana, alishalifunua shuka kwenye ngoma, vumbi likapaa tukakohoa wote. Dada alilishika, akalipitisha kati ya vidole.

"Nani kalifua hili?"

"Mimi mwenyewe, mama," prodyuza alisema.

"Hukusuza. Umelilowesha ukalitisha." Lakini alikuwa amekwisha shika pembe.

Chumba kilikuwa chembamba, hawakuweza kwenda wawili wawili. Wakalishika wote wanne, kila mmoja pembe yake. Wimbo ukaanza. Walisubiri. Mpwa wangu kwenye hedifoni akanyamaza, na wao wakarudi nyuma mpaka migongo ikagusa ukuta, na sauti ikatoka. Chini Mama Wanga, juu Kifupi, katikati yule mkimya, na dada akipita kati yao wote kama uzi unavyopita kwenye nguo. Shuka lilinyooka. Pah. Wakaja mbele, sauti ikashuka pamoja nao.

Prodyuza alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Ile pah!" alisema walipomaliza. "Ile pah ni nini? Imeingia kwenye rekodi."

"Hapo ndipo tunapopumua," dada alisema. "Ukiitoa, tutakufa."

"Siitoi, mama. Siitoi hata kwa bunduki. Tumemaliza! Hongereni!"

Kifupi alianza kupiga vigelegele. Mpwa wangu alikuwa analia na kucheka. Dada peke yake hakufurahi. Aliomba arudishiwe wimbo, akasikiliza, kichwa ameinamisha.

"Bado," alisema. "Mama Wanga amechelewa."

"Mimi?"

"Na mimi nimewahi. Tunarudia."

Prodyuza alitazama saa, akatazama uso wa dada, akarudi kwenye kompyuta yake. Wakarudia. Kisha dada akasema ile ya juu ilikuwa inajiona sana, ishuke kidogo. Wakarudia. Sikuwahi kumwona dada yangu akidai kitu hivyo, yeye ambaye dukani akipewa chenji pungufu huondoka nayo. Mwishowe Mama Wanga aliachia pembe yake akakaa kwenye kreti, anajikanda bega. "Nimezeeka, jamani. Sauti ninayo, nitaimba nimekaa. Mkono ndio umegoma."

Pembe ile ilining'inia. Mpwa wangu alitoka ukutani akaishika. Akajipanga mbele ya mama yake, akarudi nyuma kama alivyowaona wakirudi tangu yuko ndani ya kapu. Prodyuza aliwasha. Mpwa wangu akavuta pumzi, akafungua mdomo tayari kuimba.

"Mwanangu," dada alimwambia, "huku nyuma hakuna maneno. Funga mdomo."

Akaufunga. Wakarudi nyuma, wakakung'uta, wakaja mbele, na binti akampa mama yake ile pembe mkononi.